Chui Asiyesalimu

Nimewaona. Jumamosi, nikitoka kusagisha mahindi, niliwaona nyuma ya kibanda cha video, mmoja wenu amepanda juu ya rundo la tofali, mwingine amelala chini anasubiri kurukiwa, kama wanavyofanya wale wanaume wa kwenye televisheni wenye chupi za kung'aa. Aliyerukiwa leo mkono umefungwa shingoni kwa khanga ya mama yake. Halafu mnakuja kwangu mkiwa na uso mkavu mnaniuliza: babu, ile mieleka ni ya kweli au ni maigizo?

Nitawajibu, ila kwa mwendo wangu, na asiye na subira akalishe mbuzi. Kazi ile niliifanya miaka saba, enzi zile za sabini, mlipokuwa hamjawaziwa hata na babu zenu. Nimepigana Kibondo, Kasulu, Kasanda na Gwarama, na kote huko nimeshindwa. Sikushinda ila mwishoni, na hapo tutafika. Kushindwa ndiyo ilikuwa kazi yangu, na bila kujisifu, katika Buha yote hakuna mtu aliyejua kushindwa kama mimi.

Kwanza basi tuzungumze kuanguka, maana hapo ndipo mnapovunjikia. Kidevu kiguse kifua, ili kisogo kisifike chini kabla yako. Pumzi itoe yote kabla hujatua. Anayeanguka na pumzi tumboni hupasuka kama mpira wa majani ya migomba. Mikono usiitangulize nyuma kujizuia, hata roho ikikwambia uitangulize, maana roho haijui chochote kuhusu kazi hii. Ifungue pembeni, na viganja vipige turubai wakati uleule mgongo unapogusa. Pigo linagawanyika mwili mzima, na mlio unatoka mkubwa kiasi kwamba akina mama wanafumba macho. Na yule anayekunyanyua, mshike mshipi na umsaidie kwa kuruka. Mtu mzima hanyanyuliki juu ya kichwa cha mwenzake bila hiari yake. Jaribuni kwa mjomba wenu mlevi mtaona.

Haya yote nilifundishwa na Mzee Bitama. Alikuwa Mha wa Kasulu kama mimi, lakini alikaa Kongo kwenye machimbo miaka mingi, akarudi na sanduku la bati, kofia ya pama, na kazi ya mieleka, ambayo yeye aliiita kachi. Kongo ilikuwa imemgeuza ulimi. Akikufundisha kuanguka alisimama juu yako na fimbo: "Weye Zakaria, unaanguka sawa gunia ya mihogo. Anguka sawa mutu iko na mama yake anamulilia."

Yeye alikuwa tajiri wetu, mpiga ngoma wetu na mwamuzi wetu. Ulingo ulikuwa wake: miti minne, kamba za katani, na chini magunia tuliyoyajaza makapi ya maharage na majani makavu ya migomba, juu yake turubai kuukuu la lori. Mvua ikinyesha, makapi yalichacha, na tulinuka sote watatu mpaka tulipofika mji mwingine. Kuhesabu alihesabu kwa Kifaransa ili watu wajue wameona kitu cha ng'ambo: en, de, trua, katri, senki, sisi, seti. Kifaransa chake kiliishia hapo, kwa hiyo akamalizia nane, tisa, kumi. Hakuna aliyewahi kulalamika.

Wa tatu alikuwa Melkiori. Huyu alivuka kutoka Burundi mwaka ule wa watu wengi kuvuka, akiwa kijana mwenye godoro na sufuria moja, akaanza kufyatua tofali pembeni ya mji wa Kasulu. Alikuwa na umbo zuri na meno meupe, na hakuweza kumuumiza hata siafu. Ndiyo maana Bitama akamfanya mwema, yule ambaye watu wanamshangilia. Mimi nilikuwa na mabega makubwa na uso ambao mama yangu mwenyewe aliuita mgumu. Nikafanywa mbaya. Nilipakwa masizi usoni, nikaitwa Chui wa Moyowosi, kwa jina la pori la wanyama.

Makosa yetu ya mwanzo ni mengi, nitawapa moja tu la kuchekea. Bitama alitaka damu. Kongo, alisema, damu iliwafanya watu wapande juu ya viti. Tukiwa Kasanda akanipa kifuko cha mawese nikifiche kwenye mshipi, nikipigwa nijipake kwenye paji la uso. Mawese ni mekundu, nani atajua? Ndugu zangu, huu ni mkoa wa Kigoma. Nilipigwa, nikajipaka, nikapepesuka, na kabla sijaanguka mama mmoja wa mstari wa mbele akavuta pua na kumwambia mwenzake kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mawese haya ni mapya. Wameyapata wapi wakati huu?" Watu wakaacha kutazama pambano wakaanza kubishana kuhusu bei ya debe. Mbwa wawili wakaingia ulingoni kunilamba. Damu tukaiacha Kongo.

Lakini kosa lililotutengenezea jina lilikuwa jingine, na ndilo lililokaribia kuniharibia maisha.

Pambano letu la kwanza kabisa, sokoni Kasulu, niliingia ulingoni upande wangu na Melkiori upande wake. Tulitakiwa tukutane katikati, tukodoleane macho, nimtemee mate miguuni. Tukakutana katikati. Sasa mimi ni Mha, yeye ni Mrundi, na tulikuwa hatujaonana tangu asubuhi. Mikono ikaenda yenyewe. Nikajikunja magoti kidogo, nikapiga viganja taratibu, nikasema, "Mwidiwe." Naye akajikunja, akapiga viganja, "Mwidiwe." Wa nyumbani? Wazima. Akauliza yeye, na mgongo wa mama yako? Umepoa kidogo. Nikauliza mimi, na tanuru lako? Limewaka vizuri. Watu sokoni wakatikisa vichwa kwa kuridhika kuona vijana wenye adabu, wakaanza kuondoka.

Bitama alitufokea mpaka kofia ikaanguka. "Batu banalipa falanga ya kuona vita, haiko ya kuona ndugu banaulizana mugongo ya mama!" Halafu akaiokota. Nilimwona akifikiri, na Bitama akifikiri alikuwa akijikuna sikio. Akaniuliza, "Zakaria, hapa Buha mutu mubaya kabisa anafanya nini?" Nikamjibu bila kufikiri: hasalimu.

Wiki iliyofuata Melkiori aliingia kwanza. Akazunguka ulingo mzima, akawasalimu watu upande kwa upande, wazee kwa magoti, watoto kwa kucheka. Mimi nikaja baadaye, nikapita katikati ya wazee waliokaa kwenye vigoda, nikawaruka kama visiki, mdomo nimefunga. Mzee mmoja akasema, "Mwidiwe, mwana." Nikamtazama, nikageuza uso. Vijana, nimerushiwa mchanga, nimerushiwa maganda, nimepigwa mwavuli na mtawa. Sijawahi kusikia ghadhabu kama ile. Walikuwa tayari kunichoma. Melkiori aliponibwaga, wanawake walipiga vigelegele mpaka ng'ombe wa mnadani wakakata kamba.

Tukawa na kazi. Jina likaenea: kuna mtu anaitwa Chui, hasalimu. Gwarama balozi wa nyumba kumi alikuja na wazee watatu kuniuliza kama nina ugonjwa. Na masizi hayakunifaa sana, maana watu wa soko walinijua hata nikiwa nimenawa. Dukani nilihudumiwa mwisho.

Ilikuwepo pia sheria ya Bitama: wapinzani wasionekane pamoja. Mimi na Melkiori tusile meza moja, tusipande lori moja, tusisalimiane njiani. Na Melkiori alikuwa ndiye rafiki yangu. Tulikuwa tukikutana nyuma ya tanuru lake kufanya mazoezi, tukimaliza tunakula maharage kwenye sufuria yake ileile moja, kisha anatoka yeye, nami nasubiri mpaka apotee ndipo nitoke. Tukikutana barabarani, napita kulia, anapita kushoto, kimya. Hamjui jinsi kitu kile kinavyouma. Nilihisi kila mara kama nimeacha mlango wa nyumba wazi.

Basi nikampenda Veronika wa Murungu. Nilikutana naye mnadani kwao akiuza maharage, na kwa kuwa niliogopa kumtaja Chui, nilimwambia nauza chumvi ya Uvinza. Haikuwa uongo mtupu. Nilikuwa na magunia mawili. Mama yake aliitwa Anastazia, mjane, mwembamba, mwenye macho yanayokupima kabla hujakaa. Nilipokwenda kujitambulisha hakuuliza nina ng'ombe wangapi. Alisema, "Unachouza si shida yangu. Mimi nataka kujua mtu anasalimu vipi." Mchumba wa kwanza wa Veronika, mwalimu, tena wa mshahara, alikataliwa kwa sababu alimsalimu mama huyo akiwa bado juu ya baiskeli, mguu mmoja tu chini. Mimi siku ile nilisalimu mpaka magoti yakalia. Akanipokea. Posa ikapokelewa. Ikabaki miezi miwili nioe, na kila nilipokuwa ulingoni nilimwomba Mungu barabara ya kutoka Murungu iharibike.

Haikuharibika. Siku ya mnada Kibondo, jua likiwa juu, nilipita katikati ya watu na masizi yangu, nikiwaruka wazee kama kawaida, nikapanda ulingoni, nikageuka. Mstari wa mbele, juu ya gunia lake la maharage, amekaa Mama Anastazia na mwavuli.

Masizi yalinifunika, nikajipa moyo. Nikamnong'oneza Melkiori wakati amenikaba kichwa, "Mkwe wangu yupo." Akaninong'oneza, "Wapi?" na akageuka kutazama, mpumbavu yule. "Usitazame. Maliza haraka." Sasa akili yake yote ikawa kwenye kumaliza haraka, na mwisho wetu ulikuwa wa kunirusha nje ya kamba. Alinirusha upande alioukuta karibu. Nami nilikuwa nimetokwa na jasho la woga kiasi kwamba masizi yote yalikuwa yameshuka kifuani. Nilitua vizuri, kidevu kifuani, viganja pembeni, mlio safi. Nilipofumbua macho niliona miguu ya mama mkwe.

Akainama. Akasema, tena yeye mkubwa kwa mdogo, "Mwidiwe, Zakaria."

Mamia ya watu walijua Chui hasalimu. Walikuja kuona hasalimu. Bitama juu alishaanza, en, de, trua. Nikijibu, kazi ya miaka imekufa, ya kwangu na ya Bitama na ya Melkiori. Nisipojibu, ninarudi Kasulu na magunia yangu mawili ya chumvi bila mke. Mnafikiri nilipima? Sikupima. Magoti yalikwisha kujikunja. Nikapiga viganja, "Mwidiwe, mama."

"Mnaendeleaje huko Kasulu?"

"Tunaendelea, mama. Na nyie Murungu?"

"Tupo. Mbuzi amezaa."

"Wangapi?"

"Wawili. Mmoja dhaifu."

Bitama alifika seti akanyamaza. Nane haikutoka. Kongo ilimharibu ulimi lakini haikumharibia malezi, na mtu hakatizi mkubwa anayesalimu. Mama akainua macho. "Na wewe mzee unayehesabu, mwidiwe." Nikaona kofia ya pama inavuliwa, Bitama anajikunja nyuma ya kamba, anapiga viganja. Kisha mama akamtazama Melkiori. Kisha mimi. "Nimekaa hapa tangu mmeingia," akasema. "Huyu mwenzio hujamsalimu."

"Mama, hiki ni kibarua tu."

"Msalimie."

Melkiori akashuka ulingoni. Tukasalimiana, mbele ya Kibondo nzima, viganja, magoti, tanuru, mgongo wa mama, kila kitu. Niliwaza watu watatupiga mawe kwa kuwadanganya. Lakini walilia machozi, ndugu zangu. Mzee mmoja alisimama akatangaza kwamba Chui ameokoka. Walichokiona wao ni mjane mmoja wa Murungu ameshinda jitu ambalo Melkiori hakuweza kulishinda kwa miaka.

Kwa hiyo ndoa ikapona. Kazi, hapana. Jumamosi iliyofuata nilipopita bila kusalimu, watu walicheka, wakaniita "Mwidiwe, Chui" kwa pamoja kama kwaya. Hakuna anayelipa kumwogopa mtu anayemchekea.

Bitama akajikuna sikio. Akasema, vizuri, Chui ameokoka, abaki ameokoka. Sasa mbaya awe Melkiori.

Nilipinga. Nilisema yule hawezi. Ukweli ni kwamba nilijua kitakachomkuta, kwa sababu mimi nilikuwa na ukoo mzima nyuma yangu wa kunitetea, yeye alikuwa na sufuria. Watu wa Kasulu walimpenda kwa sababu moja tu, ya ulingoni. Lakini Melkiori alikuwa akikoroga udongo kwa miguu, hakuinua hata kichwa. "Wewe una mama mkwe," alisema. "Mimi nina nani wa kunikatalia? Nitafanya."

Akafanya. Kasulu, siku ya soko, niliingia nikawasalimu watu upande kwa upande, wakashangilia. Nikamwendea Melkiori katikati, nikajikunja, nikapiga viganja. Akanigeuzia mgongo. Sijui alijifunza wapi, alifanya vizuri kuliko mimi. Kelele zilisikika mpaka misheni. Akaanguka siku ile vizuri pia, nilimbwaga mara tatu, na Bitama alicheka njia nzima ya kurudi.

Wiki mbili baadaye watu wawili waliotaka tofali walikwenda kwa mfyatuaji mwingine. Kisimani wanawake walisogeza ndoo zao. Nikasikia dukani mtu akisema, "Mgeni yule, si tulijua tu." Nilikuwa nimesimama pale nanunua sabuni ya harusi yangu. Sikusema kitu, kwa sababu ya sheria ya Bitama na kwa sababu ya pambano la Jumapili, na hilo mpaka leo linanitia aibu kuliko kushindwa kote.

Harusi ilikuwa Murungu, Jumamosi mchana, siku moja kabla ya pambano kubwa la Kibondo ambalo Bitama alikuwa amelipigia ngoma mwezi mzima. Melkiori hakualikwa, hangeweza kualikwa. Nilikaa kwenye kiti cha bwana harusi na koti la kuazima, Veronika pembeni yangu, mama mkwe mbele yetu. Ndipo nikamwona barabarani anasukuma baiskeli yenye mzigo wa mkaa. Hakuwa na biashara ya mkaa Murungu. Alikuja kuona harusi ya rafiki yake kwa njia pekee iliyoruhusiwa, kwa kupita.

Watu wakaacha kula. Mmoja akacheka kwa dharau. Melkiori akatembea, macho mbele, mdomo amefunga, anafanya kazi yake barabara.

Mama Anastazia, aliyemjua vizuri tangu Kibondo, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Nani yule, asiyesalimu?"

Niliinuka. Bitama, aliyekuwa jikoni kwenye pombe, aliniona akaita, "Zakaria, kesho iko mechi." Nikaruka miguu ya wazee, safari hii nikiomba radhi kwa kila mmoja, nikafika barabarani na koti la watu, nikasimama mbele ya gurudumu.

"Ondoka," Melkiori akasema bila kufungua meno. "Unaharibu kazi."

"Mwidiwe, Melkiori."

"Kuna pambano kesho."

"Najua. Wa nyumbani?"

Alitazama nyuma yangu, watu mia wamesimama na sahani. Kisha akaiegemeza baiskeli taratibu kwenye ukingo, akajifuta masizi ya mkaa viganjani kwenye suruali, akajikunja magoti.

"Wa nyumbani nipo peke yangu," akasema. "Huyo mmoja hajambo. Na wako?"